Wanaosinzia: 1. Mwalimu

Kila mwezi wa kumi, vumbi la Dodoma na pua yangu huwa hawapikiki chungu kimoja. Mvua bado, upepo unavuma tangu alfajiri, na sisi shuleni, badala ya kuliacha vumbi lipumzike, tunawagawia watoto mafagio ya chelewa wakaliamshe. Wiki hiyo mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Jumatatu nilipiga chafya 11 kati ya ukaguzi wa kucha na matangazo. Idadi ninaijua kwa sababu darasa la kwanza walikuwa wakihesabu kwa sauti, kwa pamoja, kama walivyofundishwa.

Jioni nikapita duka la dawa. Dada wa pale akanihesabia vidonge vidogo vya njano vya klorofeniramini, dawa ya mzio, miligramu 4 kila kimoja, akaandika 1×3 juu ya kibahasha.

"Mwalimu, hizi zinaleta usingizi. Ukimeza usiendeshe chombo cha moto."

Nikacheka moyoni. Chombo changu ni baiskeli, na shuleni naendesha chaki.

Jumanne asubuhi nikameza kimoja na chai. Mstarini pua ikaanza tena, nikaona kidonge kimekawia njiani, nikakitumia mwenzake akakihimize. Huo utaalamu sijui niliutoa wapi. Kufika saa tatu walikuwa wamekutana, na wote wawili walikuwa wamefika salama.

Nilikuwa na vipindi viwili mfululizo vya Hisabati, darasa la tano, dakika 80. Watoto 70 na ushee, bati linaanza kupata joto. Nikaandika swali la kwanza ubaoni vizuri tu. La pili mwandiko ukaanza kuteremka mlima. La tatu nikasikia kimya kisicho cha kawaida nyuma yangu, kisha sauti ya kijana wa dawati la mbele:

"Mwalimu, samahani. Hapo tunajumlisha au tunatoa?"

Nikasogea nyuma nisome. Nilikuwa nimeandika: "Juma alinunua machungwa 36, akampa dada yake 9, akalala."

Nikasema ni swali la kufikirisha. Kuna mmoja alifikiri kweli, akaandika jibu: 27, yakaoza.

Nikajaribu mbinu zote nilizorithi. Nilinawa uso kwa maji ya ndoo ya usafi, nikatafuna tangawizi, nikafundisha nimesimama mguu mmoja nyuma ya meza. Haikusaidia kitu. Usingizi wa dawa si kama wa mtu aliyekesha msibani. Ule unaweza kubishana nao. Huu unakuja kama karani wa mahakama, ana karatasi, anataka usaini tu. Nikawapa zoezi, nikakaa "kusahihisha madaftari". Alama ya vema ya daftari la kwanza ilianzia kwenye swali la 2, ikashuka ukurasa mzima, ikavuka ukingo na kumalizikia kwenye kitambaa cha meza. Mwenye daftari alinifuata baadaye kuuliza kapata ngapi. Nikampa zote. Wino ulikuwa umepita kila mahali.

Kengele ya saa nne ndiyo iliyonirudisha duniani. Darasa zima limetulia kama kanisani, na pembeni ya kiwiko changu pana karatasi iliyokunjwa vizuri.

Hapa lazima nieleze. Shule zote zina orodha ya wapiga kelele. Wiki moja kabla, kwa kuwa watoto walikuwa wakisinzia baada ya uji, mimi mwenyewe nilimwagiza monita aandike pia wanaosinzia, bila upendeleo. Monita wangu ni binti mdogo mwenye msimamo wa chuma. Karatasi ilisomeka hivi:

WANAOSINZIA
1. Mwalimu ×4 SANA

Hapakuwa na namba 2.

Siku ingeishia hapo ningemshukuru Mungu. Ila saa nane kulikuwa na kikao cha walimu, na sauti ya Mwalimu Mkuu anaposoma taarifa ya taaluma ingepaswa kuuzwa kwa vidonge, 1×3. Nilijipanga: nimekaa wima, macho nusu, kalamu mkononi. Nilichosahau ni kichwa. Kusinzia kwa heshima kunafanana mno na kuafiki. Kinashuka, kinashtuka, kinapanda, kinashuka tena. Nilizinduliwa na makofi. Mwenzangu wa Sayansi akanishika bega: "Hongera, mzee. Hatukutegemea."

Nilisoma kumbukumbu za kikao kesho yake. Mwalimu wa Elimu ya Kujitegemea alikuwa amehamishwa, likatafutwa jina la kushika nafasi yake, na "Mwalimu aliafiki kwa kutikisa kichwa mara kadhaa." Kazi yenyewe ilikuwa kusimamia shamba la shule, ekari 3. Za alizeti.

Nikarudi duka la dawa na kibahasha changu mkononi.

"Si nilikwambia, mwalimu?"

"Uliniambia chombo cha moto."

"Na watoto 70 ndani ya darasa moja ni chombo cha nini?"

Sikuwa na jibu. Akanifafanulia kwamba dawa hizi za zamani hupenya hadi kwenye ubongo na kuizuia histamini, kemikali ya mwili iletayo chafya, ambayo kule juu ndiyo mojawapo ya vinavyotuweka macho. Pua inapona, mwenye pua anazimika. Na kile kidonge cha pili nilichojiongezea akakitolea mguno mrefu wa kinesi. Akanipa setirizini, dawa mpya zaidi ya kazi ileile, miligramu 10, kimoja kwa siku, nikimeze usiku, maana hata hiyo wapo inaowalaza. Mimi iliniacha macho.

Januari tukapanda. Mwezi wa tatu shamba likachanua lote kwa pamoja, njano hadi upeo wa macho, njano ileile ya vidonge. Nikaingia mistari ya katikati na darasa langu, barakoa usoni, setirizini tumboni, nikafanikiwa kutoa maelekezo ya dakika nzima. Kisha chavua ikanipata. Nilipoinua kichwa baada ya chafya ya sita, monita alikuwa amesimama pembeni, daftari mkononi, kalamu tayari.

"Mwalimu, na wanaopiga chafya niandike?"