Mlango wa nakshi una sheria, mpangaji je?

Kila nikizungumza na watu wa nyumbani kuhusu kodi na watu kutolewa majumbani kwa sababu "nyumba yatengenezwa", hakosekani mtu wa kuniambia ah, nyinyi huko mwastarehe, huko mpangaji ni mfalme. Mie niko Toronto, Kanada, miaka mingi sasa, na kwa heshima zote ndugu yangu umedanganywa. Mambo haya huku yako tena yako sana. Roho ya mwenye nyumba ni ile ile, awe wa mtaa wa Mkomani kwetu Amu (Lamu) awe wa huku. Kitu kimoja tu ndio wametuzidi nacho, na hicho ndicho kinachonifanya niandike: huku mpangaji akitolewa nyumba ipate kutengenezwa ana haki ya kurudi. Amu sijasikia mtu hata akiidai.

Wacha nieleze inavyokwenda maana watu wengi hata wanaoishi huku hawaijui vizuri. Jimbo la Ontario lina sheria ya upangaji ya mwaka 2006. Kodi ya mtu aliyemo ndani haipandishwi ovyo, serikali hutangaza kiwango kila mwaka, 2025 kilikuwa asilimia 2.5 na 2026 ni 2.1 (nyumba zilizoanza kukaliwa baada ya Novemba 15, 2018 hazimo, hizo mwenyewe apandisha atakavyo, kwa ivo ukija huku uliza jengo ni la lini kabla hujauliza bei). Lakini mpangaji akishatoka tu, mwenye nyumba yuko huru kumtajia mpangaji mpya bei yoyote. Hapo ndipo shetani anapoingia. Chukua mzee aliyekaa apatimenti moja tangu watoto wake wako darasa la kwanza, kodi yake imepanda kidogo kidogo, na mlango wa pili kuna kijana ameingia juzi analipa karibu mara mbili yake kwa vyumba vile vile. Mwenye nyumba akimtazama yule mzee aona pesa zimelala. Kumfukuza hawezi, mzee alipa kwa wakati, hana kelele. Imebaki njia moja, "twataka kukarabati, tupishe".

Ndio ikaja fomu yaitwa N13. Ukarabati uwe mkubwa hasa, wa kuhitaji kibali cha ujenzi na nyumba iwe tupu, kupaka rangi na kubadilisha makabati ya jikoni haitoshi. Notisi ni siku 120. Fidia ni kodi ya miezi mitatu kama jengo lina nyumba tano kwenda juu, likiwa dogo ni mwezi mmoja, na kama unarudi na kazi ikaisha mapema kuliko hapo basi utalipwa wa muda ule wa kazi tu. Alafu sasa sikilizeni hapa: ukiandika barua KABLA hujatoka ukasema mie nataka kurudi, kazi ikiisha ile nyumba ni yako kwanza kuliko mtu yeyote, na kodi ni ile ambayo angeweza kukutoza kisheria kama usingetoka. Jiko jipya, bomba jipya, kodi ya zamani. Na ile notisi yenyewe haikutoi nyumbani, ukikataa kutoka mwenye nyumba lazima aende kwenye Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji athibitishe kuwa kweli ana kazi na kweli ana vibali au yuko mbioni kuvipata, na hata akishinda, wa kukutoa ni afisa wa mahakama. Mwenye nyumba akija na vijana wake kukutolea godoro nje, mwenye makosa ni yeye.

Kwa karatasi ni sheria tamu wallahi. Sasa ona inavyofanywa.

Jengo letu liliuzwa, likachukuliwa na kampuni, na haikupita muda barua zikaanza kuingizwa chini ya milango. Lakini N13 ilikuja baadaye, kwanza alikuja kijana mmoja wa suti, mpole, anabisha mlango kwa mlango na fomu nyengine, N11, ambayo ni makubaliano kuwa wewe mwenyewe kwa hiari yako waondoka. Akupa hundi hapo hapo. Mtu ambaye hajawahi kuona dola elfu kadhaa kwa pamoja aona rizki imekuja, atia sahihi, na zile siku 120 na ile haki ya kurudi zote kwisha, amezitupa kwa mkono wake. Jirani zangu kadhaa walifanya ivo, wakahamia miji ya pembeni na zile pesa ziliishia kwenye kodi mpya kabla baridi haijaisha. Kulikuwa na mama mmoja wa Kibarawa, mtu mzima, Kiingereza chake cha kuombea maji, yule kijana alimwendea na keki. Mama akala keki akamwambia, "Mie sitii sahihi kitu mwanangu hajakisoma." Yuko pale mpaka leo na kodi yake ile ile.

Na hata ukifanya kila kitu sawa usidhani umepona. Kuna wanaoandika barua ya kurudi, kazi ikaisha, mwenye nyumba akaingiza mtu mwengine kimya kimya. Una miaka miwili ya kupeleka mashtaka kwenye Bodi, lakini Bodi nayo ina foleni, na wewe huku ushaingia nyumba nyengine, watoto washabadilisha skuli, nani ana nguvu ya kurudi nyuma? Tangu 2023 faini inaweza kufika dola 100,000 kwa mtu na 500,000 kwa kampuni, yatisha ukiisoma, lakini faini kubwa isiyotozwa yasaidia nani. Ndio maana miji imeamua kutunga kanuni zake, Hamilton ilianza Januari 1, 2025 na Toronto ikafuata Julai 31 mwaka huo huo, kuwa mwenye nyumba akishatoa N13 lazima aombe leseni ya mji kwa huo ukarabati. Yaani wao wenye sheria nzuri bado waziba matundu, kwa ivo huo ufalme wa mpangaji mie sijauona.

Haya, Amu. Nianze na haki ya mwenye nyumba maana najua watanirukia. Nyumba za mawe zataka kutengenezwa, hilo halina ubishi. Boriti za mikoko zikishaingia maji zaoza, dari lashuka, chokaa yabanduka kila masika, na huwezi kufumua dari na mtu amelala chini yake. Mtu akiambia familia tokeni nitengeneze asije akaua mtu, huyo amefanya jambo la maana. Sasa nionyesheni mpangaji mmoja wa Mkomani aliyetolewa nyumba itengenezwe alafu akarudi. Mmoja tu.

Ami yangu na familia yake walikaa chini kwenye nyumba moja ya pale miaka na miaka, wenye nyumba wako juu, baadaye wao wakahamia Mombasa. Siku moja wakaambiwa dari ni bovu, na lilikuwa bovu kweli, ami mwenyewe alikuwa akiweka ndoo. Wakabeba vyombo juu ya punda wakahamia Langoni kwa jamaa, "mpaka kazi iishe". Kazi ikaisha. Nyumba imependeza mashallah, zidaka zote (vile vishubaka vya ukutani) zimefufuliwa, chokaa nyeupe pee, juu kumepigwa makuti na vitanda vya kamba, na sasa ni gesti, bei ni kwa usiku na yatajwa kwa dola. Hakuna aliyevunja sheria. Hata uongo hawakuambiwa, maana hakuna aliyewaahidi kurudi, walidhania wenyewe.

Na hili ndilo linaniuma. Mji mkongwe wa Amu uko kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001, na nchi ina sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Mlango wa nakshi una watetezi mpaka Paris. Zidaka ina watetezi. Yule anayekaa nyuma ya ule mlango ndio hana mtu. Sisemi turathi ni mbaya, hao watu wa turathi nawaombea dua, bila wao Amu saa hizi ingekuwa mji wa kawaida kama Mtwapa. Nasema kwenye kibali cha kutengeneza nyumba ya zamani pawekwe swali moja tu: humu akaa nani sasa, na kazi ikiisha arudi au harudi, kwa kodi gani. Iandikwe. Basi.

Mtaniambia Kenya ina sheria. Iko. Kuna sheria ya kudhibiti kodi, sura ya 296, ina baraza lake, na humo mwenye nyumba hawezi kukutoa bila sababu inayokubalika. Shida ni kuwa yashika nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Niambieni nyinyi mlioko huko, 2,500 yapata nini siku hizi? Kwa ivo wengi wako nje ya huo mwavuli, wapanga mwezi kwa mwezi kwa maneno ya mdomo, na mpangaji wa namna hiyo notisi yake ni ya mwezi mmoja, sababu haihitajiki, awe na dari bovu awe na mgeni anayelipa zaidi ni sawa sawa. Kulikuwa na muswada mwaka 2021 wa kuzichanganya hizi sheria za upangaji ziwe moja, haukufika kuwa sheria. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 yasema kila mtu ana haki ya makazi ya kutosha, maneno mazuri, lakini jaribu kumsomea fundi aliyekuja na nyundo.

Cha ajabu ni wenye maduka. Hawa wamewekewa ngome na wengi hawana habari. Sura ya 301, ya maduka, mahoteli na mikahawa, yamlinda mpangaji ambaye HANA mkataba wa maandishi, au ana mkataba wa miaka isiyozidi mitano. Yaani yule mwenye kiduka Usita wa Mui, ile njia kuu ya Amu, anayedhani hana haki kwa sababu hajawahi kuandikiana na mtu, ndiye hasa sheria imemkusudia. Mwenye jengo akitaka kulivunja au kulijenga upya ni sababu halali, lakini lazima atoe notisi ya miezi miwili kwa fomu maalum na sababu iandikwe, na wewe ukipeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Biashara kabla ile tarehe haijafika, notisi yasimama mpaka liamuliwe. "Nipishe mwisho wa mwezi" ya mdomo mlangoni baada ya swala ya ijumaa si notisi. Waambieni wazee wenu wenye maduka, wengine wamefunga na kuondoka bure.

Lakini najua watakachojibu, tena ndicho alichojibu ami: nitampeleka vipi mtu huyu barazani, twaswali saf moja, harusi ya bintiye mie nilipika, naona muhali, yaani haya ya kumkosea mtu mnaojuana. Na mie huo muhali siudharau, maana kwa upande wa pili ndio uliomweka ami mle ndani miaka yote kwa kodi ya zamani. Kusi ikivuma na mashua hazitoki, mwenye nyumba wa Amu husubiri, hasemi neno. Huku kampuni inayonipangisha sijawahi kuiona uso, kodi ikichelewa siku moja tu kesho yake waweza kupata fomu N4, una siku chache tu ulipe au waanze safari ya kukutoa, hakuna cha kusi wala cha kaskazi. Katika hilo nyumbani ni bora, na nitasema ivo mbele ya mtu yeyote wa Toronto.

Ila muhali ni wa watu wawili wanaojuana. Mzee akifa, warithi wako Mombasa na Jeddah na mmoja yuko huku huku Kanada, nyumba yauzwa kwa mtu aliyekuja kwa ndege akapenda upepo wa baharini, na huyo mpangaji hamjui, harusi hakula. Ule muhali haukuandikwa kwenye hati, haukuuzwa pamoja na nyumba.

Kwa ivo binamu zangu mliobaki kwenye majumba ya kupanga, lipeni kwa M-Pesa hata kama mwenyewe akaa mlango wa pili, ibaki alama. Mkiambiwa tokeni dari litengenezwe, sawa, tokeni, lakini kabla punda hajapakiwa mtumieni ujumbe wa simu kwa adabu zote: "Ami, twatoka kama ulivyosema, kazi ikiisha insha'Allah twarudi kwa kodi ile ile, au wasemaje?" Sisemi kuwa sheria ya Kenya itakupa ile nyumba kwa ujumbe huo peke yake. Lakini atalazimika kujibu, na jibu lake utalijua kabla hujabeba kitanda badala ya kulijua kwenye picha za gesti.

Na nyinyi warithi mlioko nje kama mie, ambao mwapanga humu mijini na mnajua N13 ni nini, mkija kukaa kikao cha kuuza nyumba ya babu, yule anayekaa chini mmeshampigia simu?