Wema ni wema wenyewe, au ni amri tu? Ghazali na hesabu ya nafsi

Muuza duka anapunja mizani: robo ya sukari inatoka gramu 230 badala ya 250. Ubaya wa jambo hili umo ndani ya kitendo chenyewe, au umekuja na amri iliyokikataza? Wanazuoni wa Kiislamu waliligombania swali hili karne nyingi, wakiliita husni na kubuhu, yaani uzuri na ubaya wa matendo. Na jibu utakalolishika litaonekana siku utakapokaa kuitengeneza nafsi yako.

Muutazila, kundi lililochipuka Basra katika karne ya 8, walisema ubaya umo katika kitendo. Dhuluma ni mbaya kwa kuwa ni dhuluma, na akili inalijua hilo kabla mtume hajafika. Hoja yao nzito ni hii: kama uongo si mbaya mpaka sharia iseme, utamwamini vipi mtume wa kwanza anayekuletea hiyo sharia? Tena Qurani (7:28) inasema Mwenyezi Mungu haamrishi machafu. Kama uchafu ni uchafu kwa sababu tu umekatazwa, aya ingebaki kusema kwamba Mungu haamrishi asichokiamrisha.

Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki yapata mwaka 935, alilelewa katika madhehebu hayo kisha akayaacha. Kwake, Mungu hafungwi na kipimo kilicho nje Yake. Mauaji ya dhuluma na mauaji ya kisasi cha kisharia yana upanga uleule na damu ileile. Kinachoyatenganisha ni hukumu. Wafuasi wake huleta aya ya 17:15, kwamba hakuna adhabu kabla ya mtume kuletwa.

Imamu Ghazali (1058–1111), aliyekuwa mfuasi wa Ash'ari, aliongeza hoja ya kinafsi. Mtu asiye na dini, asiyetarajia malipo wala sifa, anamwokoa anayezama. Si ushahidi wa wema wa asili huo? Hapana, anajibu: mwokoaji amejiona mwenyewe ndani ya maji, na moyo wake hauvumilii picha hiyo. Fikra huambatanisha vitu vilivyozoea kuonekana pamoja, kama aliyeumwa na nyoka anavyoikimbia kamba yenye madoa. Sisi tunasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hoja ni ileile.

Ni hoja kali, lakini haifiki inakopelekwa. Inaeleza kwa nini tunashtuka, haithibitishi kwamba hakuna kilichouma. Anayeukimbia ung'ongo amekosea kuhusu ung'ongo, nyoka alikuwepo. Na lugha yetu haimsaidii Ghazali: mtu akila mali ya yatima, hata asiyeswali atasema "huo si utu", na hangoji kuulizia aya.

Jambo la ajabu ni kwamba Ghazali mwenyewe, baada ya kuacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, aliandika Ihya, kazi yake kubwa ya kuhuisha elimu za dini, yenye vitabu 40, na humo anazungumza kama tabibu. Tabia, anasema, ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, matendo yakatoka kwa wepesi bila kufikiri. Nafsi ina afya na maradhi. Afya ni hasira na matamanio kukaa katika wastani chini ya akili na sharia. Sasa, homa haingoji tabibu aitangaze kuwa ugonjwa. Watetezi wake husema Mungu ndiye aliyeiumba nafsi hivyo, kwa hiyo amri na afya zimekutana kwa hiari Yake. Jibu hilo linasimama, ila hapo umbali kati ya Ghazali na Muutazila umebaki mdogo kuliko vitabu vya itikadi vinavyoonyesha.

Matibabu ya nafsi kwa Ghazali yana hatua sita, kwa mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake. Asubuhi baada ya Alfajiri unaiwekea nafsi masharti. Mchana unaichunga. Jioni unakaa kwenye hesabu: faradhi ni mtaji, sunna ni faida, maasi ni hasara. Ikikosa unaiadhibu kwa jinsi ya kosa: tumbo kwa njaa, jicho kwa kuzuiwa kutazama. Ikizembea unaikaza kwa ibada zaidi. Mwisho unailaumu. Msomaji wa Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, anaijua hatua hii ya mwisho: mshairi anausuta moyo wake mbele ya magofu ya mji wa Pate.

Kinachoharibika kwa kawaida ni hatua ya kwanza. Mtu anaweka masharti kumi siku moja, jioni daftari limejaa hasara, wiki ya pili ameliacha. Ni afadhali kuanza na kosa moja linalohesabika, tuseme kusengenya, mpaka ulimi uzoee. Ghazali anaruhusu hata kuhama kutoka kosa kubwa kwenda dogo kwa muda, kama anayeosha damu kwa mkojo kisha akauosha mkojo kwa maji. Adhabu nayo ikizidi, nafsi hugoma au, vibaya zaidi, huanza kujivunia ukali wake. Huo ni ujubu, na hauandikiki kwenye daftari kwa sababu anayeandika ndiye mgonjwa.

Hapa kila upande una dawa yake. Anayetegemea akili yake tupu amemfanya mshtakiwa kuwa hakimu, na Ash'ari ana haki ya kumwonya. Anayehesabu amri tu anaweza kumaliza mwaka bila kupunja mizani, huku moyo ukiwa bado unatamani kupunja. Kwa kipimo cha Ghazali mwenyewe, huyo tabia yake haijabadilika. Mimi nauona upungufu wa pili kuwa mgumu zaidi kugundua, maana hesabu yake haina kosa.

Turudi dukani. Gramu 20 kwa wateja 50 ni kilo nzima, na katika haki ya mtu toba haitimii mpaka haki irudi. Anaowajua atawalipa, asiowajua atawatolea sadaka. Wala asiiandike upande wa faida, maana sukari hiyo haikuwa yake.