Nimefunga Duka Nikachangie Maduka

Nilikuwa nimekaa zangu dukani nafukuza nzi kwenye sukari ya kupima, mara wakanijia vijana wawili na daftari. "Shikamoo, mzee." Mzee! Nina miaka 49. Nikaitikia marahaba kwa uchungu, wakanieleza shida yao. Jumamosi kuna msafara wa baiskeli wa hisani, kiingilio shilingi 500. Pesa ni za vijana wa sanaa, hawa wanaochora kuta na kughani mashairi, wapate rangi na kipaza sauti kisichokoroma. Na ili wafanyabiashara wa hapa Malindi nao waokote riziki, kila mwendesha baiskeli atapewa kadi, apite maduka 10, anunue chochote, agongewe muhuri. Ukijaza kadi unaingia kwenye bahati nasibu ya baiskeli mpya.

"Na duka lako limo, mzee. La 10."

Nikafurahi mpaka akili ikaniruka, nikatoa 500 nikajiandikisha. Hakuna aliyenilazimisha. Usiku mke wangu akaniuliza, kakalia mbuzi anakuna nazi, wala hakuinua kichwa: "Na dukani atakaa nani?" Nikamjibu kwamba mambo ya hisani hayaendi kwa hesabu za dukani. Hakusema kitu. Kwaru, kwaru, kwaru, ndilo jibu nililopata.

Baiskeli niliazima kwa shemeji yangu muuza samaki. Ni ile nyeusi ya Kichina, nzito kama mtumbwi uliolowa. Wanahistoria wanasema mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Twiga mzima, jamani, avushwe bahari na shingo ile! Miaka 600 imepita, na shukrani iliyonifikia mimi ni chuma hiki ambacho kengele yake hailii ila kila kitu kingine kinalia. Nyuma kina tenga la samaki lililofungwa kwa mipira ya tyubu, halifunguki. Fundi wa chini ya mwarobaini akabandika viraka viwili, akakaza spoki, akatia mafuta mnyororo, akaizungusha rimu ya nyuma, akaguna. "Inacheza kidogo, lakini utafika." Hakusema wapi.

Jumamosi tukakusanyika kwenye bustani yenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, yule mama shujaa wa Wagiriama aliyewapinga Waingereza. Fulana zilizobaki zilikuwa za watoto. Nikajibana ndani ya moja, kitovu kikatangulia kuwaona watu kabla yangu. Kulikuwa na wazee wa Kiitaliano, wakazi wa hapa hapa, na baiskeli unazoweza kuinua kwa kidole kimoja, miguu yao imenyolewa ikang'aa. Mimi nimekuja na tenga, na paka wawili wananifuata kwa matumaini.

Filimbi ikalia, tukashika njia ya Casuarina kuelekea Silversands. Mwezi wa nane! Kusi inavuma usoni, wewe unaelekea kusini. Nakanyaga pedali, mnazi uliokuwa kando yangu bado uko kando yangu. Tuktuk moja ikapunguza mwendo. "Mzee, twende? 50 tu." Nikamwambia niko kwenye hisani. Akafikiri kidogo: "Haya, lete 40." Watoto juu ya ukuta wakanipigia kelele, "Ciao! Ciao!" Mimi, mzaliwa wa Shela, babu yangu kazikwa hapo, leo naitwa mtalii kwa sababu ya fulana! Nikamkumbuka Mekatilili. Waingereza walimpeleka uhamishoni Kisii, mwaka 1914 akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Kisii mpaka huku! Na Vasco da Gama, ambaye hata hatukumwalika, alipofika mwaka 1498 alipewa rubani wa kumfikisha India. Mimi nilipewa kijana mwenye kibendera, na kona ya kwanza sikumwona tena.

Tulipogeuza, kusi ikanishika mgongoni, nikapaa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi na fundi hatukuzungumza habari za breki. Kandambili moja bado iko Casuarina, atakayeiona aniwekee.

Basi maduka sasa. La kwanza mhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu, hapo sina neno. La pili ukwaju. La tatu fundi cherehani, hana cha bei nafuu ila vifungo, nikanunua vifungo sita. La nne aiskrimu kwa bei ya pakiti mbili za unga, nikailamba nahesabu ugali. La tano muuza kofia, ambaye ana deni langu la sukari na majani ya chai tangu Ramadhani. Nikachagua kitambaa cha jasho, nikamwambia akate kwenye deni. Akaweka mkono kifuani: "Bwana, hii ni hisani. Tusiichanganye na hesabu za dukani." Nikalipa. Hayo manne yaliyofuata niliingia na kutoka tu, mwisho nikanunua njiti za meno.

Kufika karibu na kwangu, naona umati mlangoni. Moyo ukadunda: wateja! Kumbe wamesimama mbele ya kufuli, kadi mkononi. "Mwenyewe yuko wapi?" "Kaenda kuendesha baiskeli." Na wale vijana wa sanaa, wasiostahimili kuona mbao tupu, walikuwa wamenichora mlangoni, rangi haijakauka: kitambi, tenga, paka wawili. Rangi ya 500 yangu. Mkono wanao, siwezi kuwadhulumu, hata kitovu kilikuwa chenyewe. Watu wakapiga picha wee, wakatawanyika. Hakuna aliyenunua hata kiberiti.

Nikafungua mlango, picha ikapasuka katikati, kitambi ubawa huu, baiskeli ubawa ule. Muhuri uko kwenye droo, lakini sheria ni kununua kwanza. Nikatoa soda, nikapapasa mfuko: vifungo sita. Juu ya kichwa changu ipo karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, LEO TASLIMU, KESHO MKOPO. Nikachungulia nje, hakuna mtu. Nikavuta daftari la madeni, ukurasa wa muuza kofia, na chini ya jina lake nikaandika langu.