Gesi haiozi, lakini mnunuzi hangoji

Jumamosi nilipeleka mtungi kubadilisha pale Nkuhungu. Kijana wa duka, ambaye ananiita mzee ingawa ndevu zangu bado nyeusi, aliupokea ule mtupu, akautundika uliojaa kwenye mizani mbele ya macho yangu, halafu akanitajia bei mpya. Nikaguna tu. Aliyesema ni mama mmoja nyuma yangu: "Hivi gesi si yetu ya Mtwara? Sasa tunapandishiwa na nani?"

Swali hilo nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia msibani, na jibu lake ni fupi. Gesi ya mtungi siyo ya Mtwara. Hii ya jikoni ni propeni na buteni, inaletwa na meli na kushushwa Dar es Salaam na Tanga. Ile inayochimbwa kwetu, ya Songo Songo na Mnazi Bay, karibu yote ni methani, na methani hata uikandamize vipi haigeuki maji kwenye mtungi wa jikoni. Ili iwe kimiminika lazima uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo inasinyaa mara 600 hivi, ndipo inapakiwa melini kwenda Japani au Ulaya. Hiyo ndiyo LNG ambayo tumeahidiwa Lindi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo yetu bado iko chini." Ndiyo, mama. Bado iko chini.

Nilipokuwa narudi na mtungi wangu kwenye bodaboda, lile neno "bado" likawa linanizunguka. Tuna msemo tumeuzoea mno kuhusu utajiri wa ardhini: uacheni, hauozi. Kwa futi za ujazo trilioni 57 tulizonazo, nyingi zikiwa chini ya bahari kuu, msemo huo unafariji kweli. Nadhani wengi wetu kichwani tunaiona gesi kama mahindi ya Kibaigwa. Wakati wa mavuno bei mbovu, unafunga ghala. Januari unafungua, unauza huku unaringa.

Mimi nina ekari moja na nusu ya zabibu Mpunguzi, na nasema gesi ni zabibu.

Msimu mmoja nilivuna kuliko miaka yote. Kreti zimepangwa kivulini, vibarua nimeshawalipa, gari limefika, kiwanda nilichozoea kukiuzia kikapiga simu: msilete, matenki yamejaa mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, wa msimu uliopita. Zabibu iliyoiva haijui habari za matenki. Siku ya tatu nyuki walikuwa wengi kuliko watu. Nusu niliwauzia walanguzi kwa bei ambayo mke wangu mpaka leo hajaambiwa yote, iliyobaki ikaliwa na nguruwe wa jirani. Na miaka miwili kabla ya hapo wanunuzi walikuwa wanatufuata shambani, wanagombania! Mizabibu ni ile ile, kisima ni kile kile. Kilichobadilika ni nafasi kwenye matenki ya mtu mwingine.

Ndivyo ilivyo LNG. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanda, bei ya papo kwa papo Asia, yaani ya mzigo usio na mkataba wa muda mrefu, ilishuka chini ya dola 2 kwa kila uniti milioni moja za joto, kipimo wanachotumia wenyewe. Wanunuzi wakafuta zaidi ya meli 100 za mzigo kutoka Marekani. Wengine waliona heri walipe ada ya mtambo na mzigo wasichukue. Haikupita miaka mitatu, Urusi ikaivamia Ukraine, gesi ya bomba kwenda Ulaya ikapungua, na Agosti 2022 bei ile ile ya Asia ikapita dola 50. Ulaya ikawa inavuta kila meli iliyo baharini. Pakistan, yenye mikataba mkononi, ilikosa mizigo na watu wake wakakaa gizani, maana nchi tajiri zilikuwa zinalipa zaidi. Ujerumani haikuwa na hata kituo kimoja cha kupokelea LNG. Kufikia Desemba 2022 ilikuwa imefungua cha kwanza, kinachoelea, Wilhelmshaven.

Ukiitazama 2022 peke yake utasema tulichelewa kuvuna. Mimi naona kosa liko kwenye kuitazama bei. Bei ya leo haimhusu mtu ambaye mtambo wake utachukua miaka mitano au zaidi kujengwa. Mitambo hii haijengwi kwa kutegemea bei ya sokoni. Benki hazitoi mabilioni ya dola mpaka zione karatasi ya mnunuzi aliyekubali kuchukua miaka 15 au 20, na asipochukua alipe vilevile. Mteja akishasaini hivyo kwa jirani yako, umempoteza mpaka wajukuu. Novemba 2022, wakati sisi bado tunajadiliana, kampuni ya mafuta ya China, Sinopec, ilisaini na Qatar kununua tani milioni 4 kila mwaka kwa miaka 27. Ishirini na saba!

Na Qatar haijakaa kimya. Imepanga kutoka tani milioni 77 kwa mwaka kwenda 126, kisha 142. Marekani, ambayo kabla ya 2016 ilikuwa haijaanza kusafirisha kutoka ile pwani yake ya Ghuba ya Meksiko, mwaka 2023 ilishakuwa muuzaji mkubwa kuliko wote. Hata Msumbiji, pamoja na mashambulizi ya Palma yaliyosimamisha mradi wa nchi kavu mwaka 2021, imeanza kuuza kwa mtambo unaoelea wa Coral Sul tangu Novemba 2022. Matenki hayo yote yanajaa, na sisi tuko shambani.

Kwa upande wetu, Juni 2022, hapa hapa Dodoma, Ikulu ya Chamwino, ulisainiwa mkataba wa awali wa nchi hodhi, yaani kati ya serikali na wawekezaji wa mradi wa Lindi, na kampuni za Equinor na Shell. Gharama iliyotajwa baadaye ni dola bilioni 42. Sisemi tusaini chochote tunachowekewa mezani. Mkataba mbovu wa miaka 30 ni mbaya kuliko gesi iliyolala, na wanaokaza kwa niaba yetu kwenye kodi na mgawo wanafanya kazi yao. Ninachokataa ni kule kujipa moyo kwamba tukisubiri bei itapanda. Kila tunaposikia habari za Lindi tunauliza asilimia zetu ni ngapi. Sijasikia mtu akiuliza: nani atanunua, tani ngapi, kwa miaka mingapi?

Wakulima wenzangu wa zabibu wananielewa. Kwetu mzabibu hauzai mpaka uupogoe, na ukishapogoa umeanza safari ya miezi minne hivi ambayo huwezi kuisimamisha. Siku ikifika, imefika. Zamani nilikuwa napogoa kwa kuangalia mawingu na mfuko wangu. Msimu huu mkasi uko juu ya kabati, umepakwa mafuta, na vibarua wameshaniuliza mara mbili. Nimewaambia kuna karatasi naisubiri.