Eti mimi flegmatiki

Wiki iliyopita ofisini walituletea mtaalamu wa semina, akatugawia karatasi za maswali tutiki vijisanduku, na nusu saa haijaisha kila mtu kashapewa jina la tabia yake. Wewe sangwini, yaani mchangamfu, yule koleriki, mwepesi wa hasira, huyu melankoli, mtu wa huzuni na mawazo. Mimi nikaangukia flegmatiki, mpole asiyependa ugomvi. Wenzangu wakaangua kicheko maana wameshaniona nikidai chenji kwa konda wa Uyole.

Ingeishia kwenye kicheko nisingeandika hapa. Kesho yake bosi kaanza kupanga kazi kwa zile karatasi! Dada wa mapokezi, eti melankoli, asikae na wateja. Yule dada ambaye wateja wanamletea mpaka parachichi.

Na hayo majina mnajua yanatoka wapi? Kwa matabibu wa kale wa Ugiriki na Roma, kina Galen huko, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, wakiamini tabia ya mtu inatokana na damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Madaktari walishaachana nayo kitambo. Nenda hospitali yoyote kawaambie nyongo yako nyeusi imezidi, uone watakavyokuangalia.

Kuna mama namnunuliaga mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Kwenye bei ni jiwe, hapunguzi hata mia, na ukileta ujanja anakupa vipande vyako soko zima lisikie. Huyohuyo kwenye msiba anafika wa kwanza na kuni kichwani, hasemi neno, anapika mpaka usiku. Huyohuyo akiwa kwaya analia kabla pambio halijafika katikati, na akitokea baba mkwe wake ule mdomo wote unafungwa anageuka pembeni kama binti wa juzi. Sasa tumtikie wapi? Wala haigizi, pote pale ni yeye, inategemea yuko na nani, kalala vipi, na kama mkopo wa kikoba umekaribia kulipwa.

Haya, kupanga watu kuna mahali panasaidia, hata wauguzi wanataka grupu la damu. Ila grupu la damu halibadiliki ukienda msibani.

Na sisi wa nyanda za juu tusijifanye watakatifu. Mhehe ana hasira, Mkinga anapenda hela, Mnyakyusa anajisikia, tunayasema kwenye basi kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Tunduma. Wakati huo Uhehe wenyewe ulitokana na vitemi vingi vidogo vilivyounganishwa karne ya 19 na Munyigumba, baba yake Mkwawa. Leo eti wote wana hasira moja, ya kurithi.

Nilipokuwa natafuta chumba mtaa wa Forest, Mbeya, mzee mwenye nyumba aliniuliza kabila hata jina hajanijua. Nikamwambia shikamoo mzee, baba Mkinga wa Makete, mama Mnyakyusa wa Tukuyu, nimezaliwa Makambako kwa Wabena. Akaniangalia weee, akasema, "Marahaba mwanangu. Sasa tabia umefuata ya nani?"