Fedha za mabango zinunue mizani

Limebandikwa bango jingine: "Kula mlo kamili." Sahani ina rangi zote, kana kwamba mama mwenye watoto wanne alikuwa anangoja kuambiwa kuwa mboga ni nzuri. Anajua! Hana hela ya kununua kwa wingi, na anayenunua kikombe kikombe kwa kawaida hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayebeba gunia.

Familia 10 zichange, zinunue kilo 100 za maharage makavu, kila moja ipate kilo 10. Nyumba ya watu 5, kila mtu gramu 60 kwa siku, itakula mwezi mzima na siku kadhaa. Michango ikamilike kabla ya kununua. Kikundi kinachokubali "nitalipa wiki ijayo" hakifiki gunia la pili. Mgao nao upimwe mbele ya wote, kwa mizani. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta ugomvi.

Kabla ya kulipa, chemsheni konzi moja. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kulainika hata yakilowekwa usiku kucha, na nafuu yote huishia motoni. Unyevu mpimeni kwa chumvi: tieni punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikiseni, muiache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, anikeni kwanza, la sivyo mtafungia ukungu. Yakishakauka, yajazwe hadi mdomoni kwenye vyombo visivyopitisha hewa. Wadudu hufa kwa kukosa oksijeni, mradi msifunguefungue. Ndiyo maana vyombo vidogo kadhaa vinashinda pipa moja.

Mboga za majani haziingii katika mpango huu. Hizo ni za kununua siku hiyo hiyo.

Haya, elimu nayo ina nafasi yake. Robo saa inatosha. Maharage mekundu yana lektini, sumu ya asili ambayo hutapisha na kuharisha yasipoiva vizuri. Yalowekwe saa 8 hadi 12, maji yamwagwe, yatiwe mengine, kisha yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo moto upunguzwe. Anayeanza na moto mdogo ili kubana matumizi anaiacha sumu humo humo, na hilo hakuna semina ya "rangi za sahani" iliyojishughulisha kulisema.