Panya wa Nasaba Moja Hawatoshi

Sehemu kubwa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu unaofanywa kwa panya wa maabara huegemea nasaba moja, ile ya panya weusi waitwao C57BL/6. Kwa kuwa wamezalishwa ndugu kwa ndugu vizazi na vizazi, panya mia moja wa nasaba hiyo ni karibu sawa na panya mmoja aliyerudiwa mara mia. Hata hivyo bado tunatangaziwa kwamba dawa fulani "imefaa kwa panya", kana kwamba panya wote wameulizwa.

Dawa ya kasoro hii ipo tangu miaka ya 1970. Katika maabara ya Jackson, jimboni Maine nchini Marekani, Benjamin Taylor aliwapandisha majike wa C57BL/6J, tawi la C57BL/6 la maabara hiyo, kwa madume wa DBA/2J, nasaba ambayo mizizi yake inarudi hadi mwaka 1909. Wajukuu wa ndoa hiyo, ambao jeni za pande mbili zilikuwa zimechanganyika ndani yao, waligawanywa katika jozi, na kila jozi ikawa chanzo cha ukoo uliozalishwa kaka kwa dada kwa vizazi visivyopungua ishirini, hadi mchanganyiko wake ukatulia. Koo hizo huitwa BXD. Ukishazisoma jeni za ukoo mara moja, kila kipimo kitakachochukuliwa baadaye, popote duniani, kinalinganishwa na vyote vilivyotangulia.

Chukua suala la pombe. Panya wa C57BL/6J akiwekewa chupa mbili, moja ya maji na nyingine ya maji yenye pombe, huiendea ya pombe kwa hiari, ilhali DBA/2J huikwepa. Mtafiti anayepima koo za BXD hutazama ni vipande gani vya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, vinavyoandamana na unywaji. Koo za mwanzo, ambazo hazikufika hata thelathini, zilitoa majibu ya jumla mno, kipande kimoja kikibeba mamia ya jeni. Ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Tennessee, Memphis, kiliendelea kuziongeza.

Mradi wa Collaborative Cross ulikwenda mbali zaidi, ukachanganya nasaba nane, tatu kati yake zikiwa zimetokana na panya wa mwituni. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuwaambukiza panya hao virusi vya Ebola vilivyozoeshwa panya. Panya wa kawaida wa maabara walikuwa wakifa bila dalili za kuvuja damu. Katika koo hizi wengine walikonda kidogo wakapona, wengine wakafa damu ikishindwa kuganda. Tofauti hiyo ilihusishwa na jeni iitwayo Tek, inayohusika na mishipa ya damu. Nasaba moja isingeweza kuonyesha hilo hata ingepimwa miaka mia.

Wapinzani wa matumizi ya koo hizi husema jeni zake hubadilika kadiri miaka inavyopita. Ni kweli, lakini mwaka 2022 mabadiliko hayohayo, yaliyorundikana kwa miongo katika koo za BXD, ndiyo yaliyofichua kwamba jeni ya Mutyh huathiri kasi ya kuzuka kwa aina fulani ya mabadiliko ya jeni.

Hoja ya gharama ina uzito zaidi, kwani kutunza koo kadhaa kunahitaji vizimba, wahudumu na fedha nyingi. Kwa maoni yangu, basi, wafadhili wasimlazimishe kila mtafiti kuzitumia zote. Ila anayeomba fedha za kupima dawa kwa nasaba moja aandike katika ombi lake kwa nini moja inamtosha, na jina la nasaba hiyo lionekane katika kichwa cha ripoti yake.